Majani ya Mfuko wa Saruji

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza kwa wakaazi wote wa Darsait, Matrah na Maskati, pamoja na punda wao, kwamba mimi, Mahbuba binti Thani, mwenye umri wa miaka kumi na sita, ndiye mtaalamu mkuu na wa pekee wa majira ya kupukutika majani katika nchi hii nzima. Nimeyaona kwa macho yangu. Nimeyakanyaga kwa viatu vya skuli. Yeyote mwenye suali juu ya jambo hili na aniletee, asubuhi, baada ya chai.

Hakuja mtu. Aliyekuja ni mdogo wangu Harub, wa miaka mitano, akaniuliza kama majani yakikuangukia yanauma.

Utaalamu wenyewe niliupata hivi. Mwaka wa sitini na nne, tulipotoka Unguja, kila mtu alikwenda alikopata mlango. Baba na Mama waliupata Kuwait. Shangazi Shaikha, dada yake Baba, aliupata Dubai, akaingia na cherehani yake. Mimi niliupata kaskazini mwa Uingereza, katika skuli ya dahalia, tunalala huko huko, ambako jua hutoka kama mgeni asiyealikwa: huchungulia, likaona haya, likaondoka. Nilikaa miaka sita. Kila Oktoba miti ya pale iligeuka myekundu na ya manjano, kisha ikabaki mifupa mitupu. Wasichana wenzangu wakenda makwao kwa likizo ya wiki moja, nikabaki mimi, mpishi, na paka wa mpishi.

Na kila Oktoba, kabla ya likizo ile, kilifika kifurushi kutoka Dubai. Ndani mlikuwa na karafuu, hiliki, bizari, ndimu kavu, na halwa kipande. Kila kitu kilikunjiwa karatasi yake, bila ya gundi wala uzi. Pembe inaingia ndani ya pembe, na haimwagiki hata chembe ya bizari. Nilikuwa nikivikunjua polepole, halafu navikunja tena kwa mistari ile ile, ili kifurushi kisimalizike upesi. Hilo Shangazi hakulijua. Alijua jengine, nalo ndilo lililoniponza.

Alijua kwamba nilipata zawadi ya kukunja karatasi.

Nilimwandikia mwenyewe. Na kukunja nilikunja, hapo sikusema uongo. Nilikunja lile dude la karatasi ambalo ukilipuliza linafura kama andazi, nalo lina tundu juu. Ukilitia maji na ukaliachia kutoka dirisha la ghorofani, linapasuka vizuri sana. Langu lilipasuka vizuri sana juu ya kofia ya mwalimu wa muziki. Nikapewa wiki mbili za kumenya viazi. Sasa ningemwandikiaje Shangazi, anayeinamia cherehani mchana kutwa, kwamba mimi nimetumwa Ulaya kumenya viazi? Nikaandika: “Shangazi, skuli imeutambua ustadi wangu wa kukunja karatasi.” Iliutambua kweli. Zawadi aliiongeza yeye kwa mapenzi yake, nami sikumsahihisha, kwa kuwa si adabu kumsahihisha mkubwa.

Mwaka huu wa sabini, nchi hii ya babu zetu ilipopata mtawala mpya na mambo yakafunguka, Baba aliitwa kazini serikalini na sote tukakusanyika Darsait katika nyumba moja yenye paa bapa na mtungi mmoja wa maji. Shangazi alishuka na cherehani yake kichwani mwa mpagazi. Wiki haijesha, ameshakusanya watoto wadogo wa majirani waliorejea kama sisi, akawaweka juu ya mkeka sebuleni, kila asubuhi, akiwafundisha herufi kwa mkaa juu ya kipande cha bati. Unguja alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Mkono wake haukusahau. Ulikosa chaki tu.

Jioni moja alinijia na kitabu.

“Mahbuba, hebu njoo mwanangu. Nna jambo.”

Shangazi akisema “nna jambo” hukaa chini kwanza. Alikaa, akakifungua kitabu. Kilikuwa cha Kiarabu, kimechapishwa nchi ya baridi, na ndani yake mna picha ya mti mwekundu na mtoto kavaa koti.

“Ile skuli mpya ya watoto wa kike inataka mwalimu wa wadogo,” alisema. “Nimekwenda kwa mkuu wao, Abla Kheiria, Abla ndiyo Mwalimu kwao, bibi wa Kiarabu wa kutoka Sham. Kanambia Kiarabu changu ni cha jikoni. Lakini kanambia pia, nitakuja nikuone unavyofundisha, Jumatatu, hapo hapo kwako, na watoto wako hao hao. Somo kalichagua yeye. Hili.”

“Majira ya kupukutika majani,” nilisema.

“Ndiyo. Watoto wayaelewe, kisha wayakunje kwa karatasi. Kitabu kinasema ‘wakunje’, basi. Wakunje vipi, hakisemi.”

“Vitabu ndivyo vilivyo, Shangazi,” nilisema, kama mtu aliyevisoma vyote akavichoka.

“Miye majani ya namna hii sijapata kuyaona. Lakini nikamjibu: nna mtoto wa kaka yangu, kakaa nayo miaka sita, tena kapata zawadi ya kukunja karatasi! Kafurahi huyo. Nikasema Alhamdulillahi, Mola hakosi njia.”

Hapo palipita nafasi ya kusema kweli. Niliiona vizuri. Nikaipungia mkono, ikaenda zake.

Kwa hiyo nilifundisha. Na kwa kuwa katika dunia nzima ya karatasi ninajua kukunja kitu kimoja tu, nilifundisha hicho. Niliwaambia watoto, na Shangazi kakaa nyuma yao kama mwanafunzi, kwamba kule Ulaya kuna mti ambao majani yake yakipukutika hupukutika na matunda yake, duara, ya rangi ya kahawa, na kwamba hili ndilo tunda la majira. Mti huo upo. Tunda lipo. Namshukuru Mungu kwa kuniwekea ukweli karibu na uongo, nisichoke kutembea.

Watoto walilipenda. Kukunja, kukunja tena, kuingiza pembe, kupuliza: fuu! tunda. Harub aliwashinda wote. Vidole vyake vidogo kama vya panya vilikuwa vinamaliza tunda kabla wenziwe hawajapata pembe ya kwanza.

“Hebu lete nilione,” Shangazi akasema, akaligeuza tunda la Harub mkononi. “Zuri. Na hili tundu la nini?”

“Pumzi, Shangazi,” nilimjibu. “Tunda nalo linavuta pumzi.”

Akanitazama kidogo. Halafu akarudisha tunda.

Elimu bila ya matendo ni mzigo, kwa hiyo mchana, watu wazima wakilala, niliwapandisha watoto juu ya paa kwa mafunzo ya vitendo. Kaka yetu Majid alikuwa amepata kazi ya ukarani kiwanja cha ndege, na shati moja jeupe analolipenda kuliko sisi. Alirudi kazini anapiga mluzi. Nikajaza tunda maji, nikawaonyesha wanafunzi namna linavyoiva, na namna linavyopukutika. Lilipukutika begani. Majid alitazama mbinguni kwa muda mrefu sana, kama anayengoja maelezo. Sisi tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya ukingo, na Harub kajitia ncha ya ukaya wangu wa kichwani mdomoni asicheke.

Yule mchota maji, Bakhit, alikuwa akija na punda wake asubuhi kutujazia mtungi, na siku hizo mtungi ulikuwa ukikauka kabla ya alasiri.

“Haya maji yanakwenda wapi?” Shangazi aliuliza.

“Jua la Maskati, Shangazi.”

“Jua la Novemba?”

“La Novemba ndilo lenye kiu.”

Akanitazama tena vile vile.

Siku ya Ijumaa, baada ya chakula, nilimkuta peke yake sebuleni anaipaka cherehani mafuta. Nilidhani anataka kushona. Nikamuuliza anashona nini.

“Sishoni. Naiweka tayari. Abla akinikataa, nnarudi Dubai.”

“Dubai kufanya nini? Si uko nyumbani hapa?”

“Hapa ni kwa kaka yangu. Nitakula mkate wake na kumshukuru, na mkate wake mtamu. Lakini cherehani haiulizi mtu Kiarabu chake cha wapi.” Alilizungusha gurudumu kwa kidole. “Unajua nilikuwa nashona nini huko? Sare za skuli. Za watoto wa watu. Marinda mbele, marinda nyuma. Kila nikimaliza moja nnaiinua hivi, nnamtia mtoto ndani yake kwa akili zangu, namuuliza, haya, nani aliyeumba mbingu? Ndiyo nnaikunja, nnaanza nyengine. Miaka sita, Mahbuba, sijaitwa Mwalimu. Wewe ndiye utakayenipa Jumatatu yangu. Mungu akuweke.”

Nimewahi kuadhibiwa mara nyingi, na kwa haki. Nimesimamishwa ukutani, nimenyimwa uji mtamu, nimemenya viazi. Hakuna adhabu iliyopata kunikaa tumboni kama ile dua.

Nilipanda juu ya paa nikafikiri. Somo la Abla ni majani. Nilichowafundisha watoto ni bomu la maji. Nikashuka.

“Shangazi, nimekumbuka. Lile tunda limeshapitwa na wakati. Ulaya siku hizi hawalikunji tena. Wanakunja jani.”

“Tangu lini?”

“Tangu... tangu juzi.”

“Haya,” alisema kwa upole uliozidi. “Lete jani.”

Karatasi tuliipata kwa Majid, ambaye hadi hapo alikuwa anaamini aliloweshwa na ndege wa aina mpya. Karibu na kazini kwake walikuwa wanajenga, akatuletea mifuko mitupu ya saruji. Tukaikung'uta, tukaichana tabaka, tukapata karatasi ngumu ya rangi ya majani makavu hasa. Nyengine Shangazi aliitia katika maji ya manjano ya jikoni, nyengine akaipaka hina. Tulizianika juu ya kamba, na kwa mara ya kwanza niliona Darsait, katika jua kali, rangi zile zile nilizokuwa nikiziona kutoka dirisha la dahalia wakati wenzangu wamekwenda makwao. Nilisimama pale nikizitazama, hadi Mama akanambia kama sina kazi nikachambue mchele.

Kulikunja jani kulinishinda. La kwanza lilifanana na njiwa aliyepigwa jiwe. La pili lilifanana na la kwanza. Watoto wamekaa juu ya mkeka, wametulia, wananingoja, na Shangazi nyuma yao anangoja nao.

“Mimi najua sambusa,” Harub akasema kwa kunihurumia.

“Harub, hatupiki hapa.”

“Muache,” Shangazi akasema. “Kunja sambusa, baba.”

Watoto wetu hawa wanajua sambusa kabla ya kujua kufunga vifungo. Tokea Ramadhani ya mwanzo wanakalishwa na bibi zao kukunja manda, ule unga mwembamba wa kuzungushia nyama. Harub alichukua karatasi ya hina, pembe kwa pembe, ikawa sambusa kubwa bapa. Akanipa. Nami sikujua niifanye nini, nikampa Shangazi. Shangazi akaishika upande mrefu, na vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe: kipindo juu, kipindo chini, kipindo juu, kwa upana ule ule, mpaka kwenye ncha. Marinda. Alikuwa anaitia sambusa marinda. Akaukunja katikati ule utepe uliopatikana, akazibandika pande mbili kwa uji wa unga, akaachia.

Likafunguka jani. Lina uti wa katikati, na mishipa inatoka kila upande, kama lile la kitabuni, ila la kitabuni halikuwa na harufu ya hina.

“Ee!” wakasema watoto.

“Ndilo?” Shangazi akaniuliza.

“Ndilo hasa,” nilisema, na mara hii sikuwa na haja ya kutafuta ukweli wa kuuweka karibu. “Ndilo, Shangazi.”

Kwa siku mbili zilizobaki walikunja majani hadi sebule ikajaa. Nami niliwaita watoto pembeni, nikawapa amri kwa sauti ya mkuu wa skuli: tunda la majira ni siri. Siku ya mgeni hakuna tunda. Wakaapa wote. Mtu mzima aliyewahi kumwambia mtoto wa miaka mitano kuwa jambo fulani ni siri anajua nilichofanya.

Jumatatu Abla Kheiria alifika na mkoba mweusi na gauni la kijivu lililopigwa pasi. Akapewa kiti, kilichokuwa kimoja. Mimi niliwekwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani kupokeza karatasi. Kuanzia hapo mazungumzo na mgeni yalikuwa kwa Kiarabu, na ninayaandika kama nilivyoyasikia.

Shangazi hakuanza na kitabu. Alianza na jani la kweli, jekundu, aliloliokota alfajiri chini ya mti wa mkungu wa jirani, ule ambao watu wa hapa wanauita bidamu. Akalipitisha mkono kwa mkono. Akawauliza watoto limetoka wapi, na kwa nini mti umeliachia. Kiarabu chake kikikwama alikuwa anakivusha kwa Kiswahili, watoto wanampa neno, anawashukuru, anaendelea. Halafu wakakunja. Sambusa, marinda, katikati, uji. Moja baada ya jengine majani yakafunguka juu ya mkeka, ya kahawia, ya manjano, ya hina, na Abla Kheiria akaegemea mbele, akaokota moja, akalipeleka puani.

“Na nini kingine hupukutika?” aliwauliza watoto, akitabasamu.

“Meno!” akasema msichana mmoja, akaonyesha pengo.

“Nywele za baba yangu,” akasema mwengine.

“Tunda!” akasema Harub.

Nyuma ya pazia nilimwomba Mungu amwondolee sauti kwa muda mfupi tu. Haikuwa saa ya kujibiwa.

“Tunda gani, habibi?”

Harub alichukua karatasi, akakunja. Yule bibi alitazama vile vidole, macho yake yakawa makubwa. Fuu! Tunda likafura. Akaliweka katika kiganja chake, akaligeuza kwa heshima.

“Mashaallah! Mtoto mdogo hivi! Kazi hii hata wakubwa inawashinda.”

“Bado, Abla,” Harub akasema, akalichukua. “Halijaiva.”

Akaenda kwenye mtungi. Akalijaza kwa kata, kwa uangalifu mkubwa, bila ya kumwaga, kama nilivyomfundisha. Akapanda juu ya kibao anachokalia Shangazi akishona, kwa sababu tunda haliwezi kupukutika kutoka chini. Shangazi alikuwa ameinama anamfutia mtoto uji wa mikononi. Alipoinua kichwa, Harub ameshanyoosha mkono juu ya magoti ya mgeni.

“Sasa limeiva,” alisema, akaachia.

Lilipasuka vizuri sana.

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye gauni la kijivu, yakapita juu ya kitabu, juu ya yule mtoto wa picha na koti lake. Harub alikuwa anasubiri kupigiwa makofi.

Abla Kheiria akasimama. “Nani kamfundisha mtoto hili?”

Shangazi Shaikha alisimama naye. Alimteremsha Harub kutoka kibaoni, akampa kitambaa, akamwambia kwa sauti ya kawaida, “Mfutie mgeni kiatu, baba, taratibu.” Ndipo akamjibu.

“Mimi, Abla. Darasa ni langu. Kinachotoka darasani mwangu kimetoka kwangu.”

“Huu ni mzaha unaofundishwa watoto?”

“Niwie radhi. Kosa ni langu.”

Aliisema bila ya kugeuka. Na palikuwa hakuna haja ya kugeuka. Pazia letu ni fupi, miguu yangu ilikuwa inaonekana na kila mtu mle ndani. Yule bibi akachukua mkoba wake. Nikaiona cherehani ile iliyopakwa mafuta, nikaiona inapanda kichwani mwa mpagazi kurudi ilikotoka, na marinda mbele na marinda nyuma.

Nikatoka.

“Abla mtukufu,” nilianza, mikono nyuma, kama tunavyofundishwa kuhutubia, “kwa niaba ya jamaa wote wa nyumba hii, napenda kueleza kwamba hali ya hewa ya Maskati, pamoja na umri wa mtoto...”

“Huyu!” Harub akapiga kelele kwa furaha. “Huyu ndiye mwalimu wa tunda! Alimpiga nalo Majid!”

Abla Kheiria alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. “Wewe ndiye uliyesoma Ulaya? Uliyepewa zawadi?”

Akachukua karatasi moja kavu kutoka mkekani, akaninyooshea.

“Nikunjie ulichopewa zawadi.”

Niliipokea. Nilitamani kwa moyo wangu wote mikono ile ikunje jani, au nyota, au chochote cha heshima. Lakini mikono ina ukweli wake. Kukunja, kukunja tena, kuingiza pembe. Watoto wananitazama. Shangazi ananitazama. Nilipofika mwisho nilikuwa sina budi ila kupuliza.

Fuu.

“Ndicho hiki, Abla,” nilisema, na hotuba yote ilikuwa imenikauka. “Ninajua hiki tu. Mimi ndiye niliyewafundisha, na mimi ndiye niliyewapandisha juu ya paa. Shangazi hakujua lina kazi gani. Jani sikulifundisha mimi, mimi jani lilinishinda. Sambusa kaikunja Harub, na marinda katia yeye. Miaka sita alikuwa anashona sare za skuli. Ukimkataa, umkatae kwa jambo lake. Hili ni langu.”

Abla Kheiria aliokota tena lile jani alilolinusa, akalikunjua pande zake akatazama ndani, vipindo vilivyolingana kimoja na chengine. Akamtazama Harub, aliyekuwa bado amepiga magoti anafuta kiatu kwa bidii, hajapigwa wala hajapigiwa kelele, naye akiimba kidogo kidogo.

“Kiarabu chako bado ni cha jikoni, Bibi Shaikha,” alisema hatimaye.

“Ndiyo, Abla.”

“Watoto wenyewe ndiko wanakotoka, jikoni. Njoo Jumamosi. Watakuwa wengi kuliko hawa.” Akanigeukia mimi, akiukamua upindo wa gauni. “Na huyu mwenye zawadi utamleta kila siku anikatie karatasi za darasa, mpaka gauni langu likauke.”

“Litakauka leo, Abla,” nilisema. “Jua la Novemba lina kiu.”

“Litakauka nitakapotaka mimi,” alisema, akatoka, na nadhani alikuwa anacheka, ila mgongo hausomeki vizuri.

Watoto walikwenda makwao, kila mmoja na jani lake, wakimwita Shangazi kutoka njiani, “Kwaheri Mwalimu! Mwalimu, kwaheri!” Alisimama mlangoni hadi sauti ya mwisho. Aliporudi alikaa juu ya mkeka, akaliokota bomu langu, akalikunjua mpaka likawa karatasi bapa. Akatia ndani yake karafuu chache zilizokuwa zimedondoka kutoka jikoni, na vidole vikaenda, pembe ndani ya pembe, bila ya gundi wala uzi. Akaniwekea mbele yangu.

“Kwa hivyo hapakuwa na zawadi,” alisema.

“Hapakuwa na zawadi, Shangazi.”

“Palikuwa na nini?”

Nilikaa chini kwanza, kama anavyokaa yeye.

“Palikuwa na viazi,” nilisema. “Wiki mbili. Na kofia ya mwalimu wa muziki, na shati la Majid. Maji ya mtungi hayakunywewa na jua. Na karatasi zako zote za Dubai ninazo, chini ya godoro langu, sikutupa hata moja. Wenzangu wakenda kwao, mimi nilikuwa nikizikunja na kuzikunjua mpaka warudi. Hilo nalo sikukwambia.”

Shangazi aliyatazama majani yaliyobaki mkekani.

“Zilete,” alisema. “Zitatufaa Jumamosi.”

“Nitazileta,” nikasema. “Ila moja. Ile ya halwa ya mwaka wa kwanza. Niliilamba hadi ikatoboka, Shangazi. Nakiri.”